Usiliinue boya kwa kidole: namna ya kupima swichi ya pampu ya ngama

Mwezi Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, shemeji yangu alinipigia simu kutoka bwawa la Mtera. "Shemeji, boti imekaa." Nikamuuliza imekaa vipi. "Nyuma yote imezama na injini yake. Naona pua tu."

Usiku huo mvua ilinyesha kweli kweli. Boti yetu ni ya faiba, urefu mita 6, haina paa, na huwa tunaifunga ufukweni ikiwa majini. Piga hesabu mwenyewe: mvua ya milimita 50 ikiangukia eneo la mita za mraba 8 inaingiza lita 400. Hiyo ni kilo 400, sawa na magunia manne ya mahindi, na yote yanakimbilia nyuma kwenye injini. Pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti tulikuwa nayo, pamoja na boya lake, swichi inayoelea na kuiwasha maji yakipanda. Betri ilikuwa imejaa, fyuzi nzima. Jioni yake shemeji aliingiza mkono chini, akaliinua boya kwa kidole, pampu ikanguruma, akaridhika akaenda kulala. Mimi ndiye niliyemfundisha kupima namna hiyo.

Nilipofika nikalifungua lile boya na kulitikisa karibu na sikio. Maji yakacheza ndani, kama kibuyu kilichobakiwa na maji kidogo. Nikaligeuza juani, nikaona ufa mwembamba kama unywele kwenye mshono wa plastiki. Boya lilikuwa limekunywa maji likawa zito. Kidole kililiinua bila shida, lakini maji yaliyotakiwa kuliinua yalishindwa.

Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Dodoma mjini, na boti hii tunaimiliki pamoja na shemeji kwa ajili ya kukusanya samaki kwenye kambi za wavuvi bwawani. Ninayoyaandika hapa ndiyo tunayoyafanya tangu siku ile.

Sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya, watu wa pwani wanaiita ngama. Sisi wa bara husema tu "chini ya boti", ila neno la pwani ni zuri nami nalitumia. Pampu inakaa ndani ya ngama, na pembeni yake kuna swichi yenye boya. Maji yakipanda, boya linanyanyuka kwenye bawaba yake, ndani yake kigololi kinabingirika na kugusisha swichi, umeme unapita, pampu inafua maji. Maji yakishuka, boya linalala na pampu inanyamaza. Kazi yake ni hiyo tu, ila inafanyika mahali pachafu kuliko pote kwenye boti.

Kabla ya kugusa chochote, inama unuse. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe swichi yoyote. Fungua vifuniko, acha upepo upite, tafuta inakovuja, kausha kwa matambara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia huko huko chini, na cheche moja ya waya uliolegea inatosha. Oili nayo ikaushe kwa tambara kwanza. Usiiache pampu iimwage bwawani, kuna watu wanachota maji hapo.

Sasa jaribio lenyewe. Zima swichi kuu ya betri, ile ya kuzima umeme wote wa boti. Hii ni makusudi. Waya wa swichi ya boya unapaswa kutoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, bila kupita kwenye swichi kuu, kwa sababu usiku ukizima kila kitu ukaenda zako, pampu ndiyo inayobaki kulinda. Nimefungua boti kadhaa pale Mtera ambazo pampu yake inalala pamoja na taa. Kisha chota maji kwa ndoo ya lita 10 uyamimine ndani taratibu, mbali na pampu, yatiririke yenyewe kuelekea nyuma. Usiguse boya. Tazama na usikilize.

Boti yetu huanza kufua katikati ya ndoo ya pili. Kwako huenda ikawa tofauti, kutegemea umbo la ngama, lakini ukishajua kiwango chako kichore kwa rangi ubavuni. Mwezi ujao ikihitaji ndoo ya tatu, ujue boya limeanza kuwa zito au bawaba imekaza. Pampu ikishawaka, kinga ndoo kwenye tundu la kutolea huku ukitazama saa. Yetu imeandikwa galoni 500 kwa saa, yaani kama lita 1,900 kwa galoni za Marekani. Tulipoipima ilijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 25, ambayo ni lita 1,440 kwa saa. Usishangae. Namba ya kiwandani hupimwa bila kupandisha maji, na kila sentimita ya mpira inayopanda inaipunguza. Ujue pia mipaka yake: tundu la milimita 25 likiwa sentimita 30 chini ya maji huingiza lita zaidi ya 40 kila dakika. Pampu ya ukubwa huu haiwezi kushindana nalo. Hapo inakununulia dakika chache tu, basi.

Maji yakiisha, subiri. Pampu inatakiwa kunyamaza yenyewe baada ya muda mfupi. Ikiendelea kunguruma kavu, boya limekwama juu, na hiyo ni hatari ileile kwa njia nyingine, maana asubuhi utakuta betri imekufa.

Kinachokwamisha boya kwetu ni magamba ya perege. Yakichanganyika na ute wa samaki yakakauka, yanashika kama gundi, hasa chini ya bawaba. Vinafuata vipande vya nyuzi za nyavu, ambavyo hujisokota hata kwenye panga la pampu. Kila wiki shemeji anatoa kichujio, anasugua boya na bawaba kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, halafu anasuuza. Usipake grisi kwenye bawaba. Inakusanya magamba zaidi. Ukilifungua boya, litikise sikioni. Likicheza maji, litupe, usijaribu kuliziba kwa gundi. Swichi za zamani zina zebaki ndani badala ya kigololi. Hizo usizivunje wala usizitupe bwawani.

Pampu isipowaka, swichi ya dashibodi itakusaidia kujua tatizo liko wapi. Ya kwetu ina sehemu tatu: juu ni ya boya, katikati imezimwa, chini unawasha kwa mkono. Ikiwaka kwa mkono lakini haiwaki kwa boya, tatizo liko kwenye boya au waya unaolilisha. Isipowaka kwa vyote viwili, angalia fyuzi, halafu waya wa hasi, halafu pampu yenyewe. Fyuzi iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye pampu. Anayeweka kubwa ili "isikatikekatike" anasubiri nyaya ziungue.

Kwa boya lenyewe, chomoa nyaya zake mbili na uzipime kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Boya likiwa limelala, mita isisome muunganiko wowote. Likiwa juu, isome karibu na sifuri. Nimewahi kukuta linalosoma omu 2, na mwenyewe alikuwa akisema ni zima. Pampu inayokula ampea 2.5 ikipitia omu 2 inaweza kuibiwa hadi volti 5. Itanguruma kinyonge na maji hayatatoka. Mimi hupima hata nyaya kwa namna hiyo: pampu ikiwa inafanya kazi, soma volti kwenye betri, kisha soma kwenye nyaya za pampu. Tofauti isizidi sana volti 0.4. Ikizidi, tafuta kiungo kibovu.

Na kiungo kibovu karibu kila mara kiko ndani ya ngama, kimefungwa kwa solotepu. Solotepu haizuii maji, inayafungia ndani. Menya waya hapo utaona shaba imegeuka kijani, wakati mwingine nyeusi, na inavunjika ukiikunja. Maji ya Mtera si ya chumvi, lakini ukiwa na ute wa samaki na joto letu, shaba inaliwa vilevile. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa kibanio, kisha vika mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, na ukipandishe kiungo juu ubavuni ambako maji hayafiki. Hii ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo mafundi wengi wanayoiharakisha.

Tatizo jingine ni pampu kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mchana kutwa. Si swichi mbovu. Ni maji yaliyobaki kwenye mpira mrefu yanayorudi chini, yanaliinua boya, yanafuliwa, yanarudi tena. Fupisha mpira, tumia ulio laini ndani usio na mikunjo, na weka boya juu kidogo ya kitako cha pampu. Wengine hufunga valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siipendi kwenye ngama, gamba moja likikwama humo hakuna kinachotoka.

Wenye swichi za kisasa zisizo na boya, zinazohisi maji, wafute uso wake kila mara, maana oili na ute huzidanganya. Nazo zipime kwa maji ya ndoo.

Sasa kila Jumamosi jioni shemeji anamwaga ndoo zake mbili, ananipigia simu na kuishikilia karibu na tundu la kutolea. Nasikia maji yakidondoka bwawani, kisha mlio wa pampu unabadilika, kisha kimya. Ikinyamaza yenyewe namwambia, "Haya shemeji, kalale."