Mzee anasahau sahau? Hivi ndo unajua kama ni umri tu au kuna shida

Mzee akianza kusahau wengi wanasema "si uzee huo" wengine wanakimbilia karogwa, kote huko mnapoteza muda. Anza kuangalia anasahau NINI.

Alipoweka miwani, jina la mtu, namba ya siri ya M-Pesa, alafu baadae inamjia yenyewe, hiyo kawaida. Spidi ya ubongo inaanza kushuka mtu akiwa bado kijana tu, ila msamiati na maarifa vinaongezeka hata mpaka 60 na kitu, ndo maana bibi anachelewa kukutajia jina ila kwenye kikao cha mahari hamumuwezi.

Cha kutia wasiwasi ni kama katuma hela ileile mara mbili kwa fundi yuleyule na anabisha hajatuma, au anapotea njia ya msikitini aliyoipita miaka yote, au kasimama jikoni hajui ugali unaanzaje. Hapo hospitali, na kabla hamjaenda andika kwenye simu mifano na lini ilianza, maana ukifika kwa daktari utaishia kusema "anasahau" na haimsaidii kitu.

Imekuja ghafla, siku mbili tatu anaongea visivyoeleweka? Huo sio uzee, nendeni siku hiyohiyo, inaweza kuwa UTI, sukari imeshuka au maji yamepungua mwilini. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea usingoje hata kukuche.

Na dawa jamani. Beba mfuko wote, hata za kienyeji, umuoneshe daktari, maana Piriton na vidonge vingine vya mafua vya kuleta usingizi vinawavuruga sana wazee.

Nyumbani pima presha (na wewe wa miaka 40 pima, inaumiza mishipa ya ubongo taratibu), acheki masikio, asiposikia anajitenga na hatari ya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) inapanda, saa ingine ni nta tu. Alafu atembee. Kuna utafiti wa Marekani wa 2011, wazee walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki mwaka mzima, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu ikaongezeka kama 2%, wenzao wa kunyoosha viungo tu ikapungua.

Ukimuuliza kitu, uliza kimoja, ngoja ajibu, na usimmalizie sentensi mbele ya wajukuu, mi hiyo inaniudhi kuliko zote.