Kuiandaa mashua ya Lamu kwa mashindano

Mashua inayoshinda mbio za Mwaka Mpya pale Shela huwa imeshinda tangu iko juu ya mchanga. Vijana wengi wanakimbilia kuongeza ukubwa wa tanga. Mimi nasema anza chini, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo.

Ngoja bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Ipandishe maji yakijaa, iegemeze kwenye magogo. Yakipwa kazi ianze mara moja. Kwangua magamba na majani yaliyoganda, kisha washa makuti makavu upitishe moto chini ya mbao, upesi upesi, usiukalishe mahali pamoja. Moto unaua wadudu wanaotoboa mbao. Ndoo ya maji iwe karibu.

Sasa kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Toa pamba iliyooza, sokota mpya juu ya paja, ichovye kwenye mafuta ya nazi, uishindilie mwanyani kwa patasi na nyundo. Tega sikio: mwanzoni nyundo inalia bubu, pamba ikishakaa, inalia kavu. Hapo acha. Mbao zitavimba baharini, na pamba iliyozidi itazisukuma zitoke kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, akikwambia ubao umechoka, usimbishie, ubadilishe.

Kisha shahamu: chokaa na mafuta ya mnyama, vikandwe vikiwa na joto, vipakwe kwa kiganja mpaka tumbo lote liwe jeupe na laini. Napenda ufanye hivi kwa mkono, maana kiganja kinagundua mkwaruzo ambao brashi inaupita.

Ishushe majini siku mbili kabla ya mbio ili mbao zifunge, ufue maji yanayoingia ndani asubuhi na jioni.

Uzito sasa. Mashine, jiko, magodoro ya wageni wa kisiwa cha Manda Toto, vyote vibaki pwani. Farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, usiitoe yote: bakisha mifuko michache ya mchanga, muihamishie upande wa upepo kila mnapobisha, yaani mnapogeuza chombo kwenda dhidi ya upepo. Lakini tegemea zaidi ubao wa kukalia nje, unaotokeza upande wa upepo. Mtu aliye kwenye ncha yake anafanya kazi ya mifuko kadhaa, naye upepo ukikatika anarudi ndani mwenyewe. Chagua ubao usio na kifundo.

Upepo ukilegea na tanga lako ni la pamba, lirushieni maji. Nyuzi zikivimba matundu yanaziba, upepo haupenyi.