Jinsi ya kusoma rafu ya maziwa ya watoto kabla hujanyoosha mkono

Kazi yangu kwa muda mrefu ilikuwa kupanga bidhaa dukani, na sehemu niliyokaa nayo zaidi ni ile ya watoto: maziwa ya kopo, chupa, nepi. Hakuna kopo linalokaa mahali lilipo kwa bahati. Mtu wa kampuni huja na mchoro wa rafu, na mchoro huo ndio unaosema kopo lipi likae usawa wa macho, lipi lishuke karibu na sakafu, na lipi litolewe kabisa likajengewe mnara wake pale watu wanapopita. Mzazi anaingia amechoka, mtoto analia mgongoni, na mkono wake unakwenda pale macho yalipotua. Naandika kwa ajili yake.

Sina ugomvi na anayetumia maziwa ya kopo. Wapo akina mama wasioweza kunyonyesha, wapo watoto waliofiwa na mama zao, wapo walioelekezwa hivyo na mtaalamu wa afya. Hao ndio wanaostahili zaidi kuambiwa ukweli, maana fedha inatoka mfukoni mwao mwezi baada ya mwezi.

Tafuta namba kwanza, si rangi

Makopo mengi yana namba. Namba 1 ni ya mtoto tangu kuzaliwa, namba 2 huandikwa kuanzia miezi sita, namba 3 kuanzia mwaka mmoja, na wengine wana hadi namba 4. Ukiyatazama kwa mbali huyatofautishi: rangi ileile, nembo ileile, mnyama yuleyule mdogo amelala juu ya wingu. Hilo limekusudiwa. Nchi nyingi zimekataza kuitangaza namba 1, kwa hiyo tangazo linapewa namba 3. Mzazi anaiona namba 3 kwenye bango, rangi inamkaa kichwani, na siku akihitaji maziwa ya mtoto mchanga anaifuata rangi hiyo hadi kwenye namba 1. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambao ni kikao cha nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, uliupokea mwongozo unaosema kwamba maziwa yote yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi umri wa miaka mitatu yahesabiwe kuwa mbadala wa maziwa ya mama, na kwamba bidhaa moja isitumiwe kuitangaza nyingine kwa mlango wa nyuma.

Sasa wewe ufanyeje? Kama mtoto anahitaji maziwa ya kopo, namba 1 inamtosha mwaka wote wa kwanza, akiongezewa vyakula vingine anapofika miezi sita. Hakuna kinachokulazimisha kuhamia namba 2. Akishatimiza mwaka na hanyonyi, maziwa ya kawaida ya mnyama, yaliyochemshwa au kusindikwa salama, yanafaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba maziwa ya kopo ya hatua ya pili na ya tatu hayapendekezwi kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23. Namba 3, ile yenye mnara mkubwa kuliko zote dukani, ndiyo unayoihitaji kidogo kuliko zote.

Geuza kopo

Upande wa mbele umeandikwa na wauzaji. Upande wa nyuma, angalau kwa sehemu, umeandikwa na sheria. Kwa hiyo soma kwa kuanzia nyuma.

Katika Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, kuna viwango vilivyotolewa kwanza mwaka 1981, vinavyotaja kiasi cha protini, mafuta, vitamini na madini ambacho maziwa ya mtoto mchanga lazima yawe nacho. Viwango hivi ndivyo nchi nyingi zinavyoviegemea. Maana yake ni hii: namba 1 ya bei ya juu na namba 1 ya bei ya chini, zote zikiwa halali, zimepita kwenye mlango mmoja. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, huwaambia wazazi hivyohivyo, kwamba haijalishi umechagua chapa gani. Nimewaona wazazi wakijinyima ili wanunue kopo la juu, kwa imani kwamba la chini linampunja mtoto. Halimpunji.

Maneno ya mbele yapime moja moja. "Karibu na maziwa ya mama" hayawezi kuwa kweli. Maziwa ya mama yana kingamwili na chembe hai, na hubadilika kadiri mtoto anavyokua, hata ndani ya mnyonyesho mmoja; unga haubadiliki. "Hukuza akili" na "huimarisha kinga" ni maneno ambayo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikwisha kutaka yasiwekwe kwenye vyakula vya watoto wachanga na wadogo, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu mahususi. Yapo pia maziwa ya "mtoto mwenye njaa zaidi": NHS inasema hakuna ushahidi kwamba mtoto hutulia au hulala muda mrefu zaidi kwa kuyanywa. Na ya mbuzi, ambayo watu huyakimbilia kwa hofu ya mzio, hayana nafuu hiyo inayodhaniwa. Mtoto mwenye dalili za mzio apelekwe kwa daktari, asitibiwe na rafu.

Kisha tafuta kile kinachopaswa kuwepo. Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Maziwa Mbadala ya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa Mei 1981, inataka lebo iseme kwamba kunyonyesha ni bora, kwamba bidhaa itumiwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya, namna sahihi ya kutayarisha, na onyo la madhara ya kutayarisha vibaya. Inakataza picha ya mtoto mchanga kwenye kopo la namba 1. Ukikuta kopo lenye mtoto mnene anayecheka na maelezo ya lugha usiyoielewa, lirudishe.

Kuna jambo jingine ambalo ni la duka lenyewe, si la kampuni, nalo linanitia hofu kuliko mengine yote. Nafasi ikibaki wazi kwenye rafu ya watoto, hujazwa na chochote cheupe: maziwa mazito yenye sukari, unga wa kuweka kwenye chai, maziwa ya unga ya familia. Mzazi akivikuta hapo anaamini ni vya mtoto mchanga na ni nafuu. Si vyake. Kanuni ile ya 1981 inayataja maziwa mazito yenye sukari kwa jina, kwamba hayafai kulisha mtoto mchanga, na kwamba lebo yake isiwe na maelekezo ya kuyageuza kuwa maziwa ya mtoto. Usisome mahali kopo lilipowekwa. Soma limeandikwa kuwa ni nini na la umri gani.

Ofa, zawadi na dada mwenye koti jeupe

Kifungu cha 5 cha Kanuni hiyo kinakataza dukani matangazo ya mahali pa mauzo, sampuli za bure, maonyesho maalumu, kuponi, zawadi, mauzo maalumu na kuuza kwa kufunganisha bidhaa, kwa maziwa haya na pia kwa chupa na chuchu zake. Lakini hakizuii duka kushusha bei kwa kudumu. Ndiyo njia ya kutofautisha: bei ya chini iliyokuwepo mwezi uliopita na itakayokuwepo mwezi ujao ni msaada kwa mzazi. Bei inayoshuka wiki hii tu, pamoja na mwanasesere, ni chambo.

Sampuli ya bure usiichukulie kama zawadi kama unanyonyesha. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Kopo dogo likichukua nafasi ya minyonyesho kadhaa kila siku, maziwa hupungua, na sampuli ikiisha mama anajikuta anahitaji kopo kubwa. Kadi za klabu za akina mama zinazoomba namba yako ya simu na tarehe ya kujifungua, ziache mezani. Zinataka kujua lini mtoto atafika umri wa namba inayofuata.

Na yule dada mwenye koti jeupe kando ya mnara, muulize kwa upole: "Samahani dada, umeajiriwa na nani?" Akikujibu kwamba ni kampuni ya maziwa, mshukuru uendelee na safari yako. Watu wa mauzo hawatakiwi kabisa kuwafuata wajawazito wala akina mama wa watoto wachanga.

Kama umeamua kununua

Angalia tarehe, angalia kifuniko, acha kopo lililobonyea au kuvimba. Usinunue unga uliopimwa kwenye mifuko. Kisha piga hesabu ya mwezi mzima kabla hujachagua chapa. Nasema hivi kwa msisitizo: hatari kubwa ya kopo ghali ni ile siku fedha inapopungua na mtu akaanza kuongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi. Kopo la bei nafuu lililopimwa sawasawa kwa kijiko chake linamjenga mtoto. Kopo la fahari lililozimuliwa linamdhoofisha.

Unga huu hauui vijidudu, na wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi, changanya, poza hadi joto la kumfaa mtoto, na mpe mara moja. Yasiyonywewa ndani ya saa mbili yamwage.

Ukikuta duka linavunja utaratibu

Piga picha ya rafu nzima, kisha ya kibandiko cha bei, kisha ya lebo na namba ya toleo. Andika tarehe na tawi. Anza na meneja, kwa sababu mara nyingi mnara ule umejengwa na mtu wa kampuni na meneja hajui kuwa kuna kanuni. Asipochukua hatua, peleka kwa mamlaka inayosimamia chakula au wizara ya afya. Kufikia 2022, nchi 144 kati ya 194 zilikuwa na sheria ya namna fulani kuhusu jambo hili, ingawa ni 32 tu zilizoifuata Kanuni kwa ukaribu, hivyo uliza sheria ya kwenu inagusa namba zipi. Mtandao wa kimataifa wa IBFAN, unaotetea kunyonyesha na ulioanzishwa 1979, hukusanya taarifa za aina hii kutoka nchi nyingi. Malalamiko yako yaandike kwa ufupi: bidhaa gani, namba gani, duka lilifanya nini, siku gani. Picha asilia ibaki kwenye simu yako mpaka ujibiwe.