Jinsi ya kuifufua Nokia 5310 XpressMusic ipige mziki tena

Kama una Nokia 5310 XpressMusic imelala kwenye droo, ile nyembamba yenye mistari myekundu au ya bluu ubavuni, usiitupe wala usimpe mtoto achezee. Ilitoka 2007, ina gramu 71 tu, na kwa mziki bado naipenda kuliko simu nyingi za sasa, maana vitufe vya kusimamisha na kuruka nyimbo viko peke yake pembeni ya kioo, ukishavizoea unabonyeza ikiwa mfukoni bila hata kuitoa.

Anza na betri. Inaitwa BL-4CT, itoe uilaze mezani uizungushe kwa kidole, ikizunguka kama pia basi imevimba, hiyo usiichaji kabisa, tafuta nyingine. Chaji yake ni ile ya Nokia ya pini ndogo. Lile tundu la microUSB ni la data tu, halipitishi chaji, kwa hiyo ukichomeka waya hapo usiku kucha asubuhi ukakuta haijaingia kitu, simu sio mbovu.

Memori kadi mwisho ni GB 4, usihangaike na kubwa zaidi. Kama ina vitu vyako vya zamani vihamishie kwenye kompyuta kwanza, halafu ndo uiformati, chagua FAT32.

Sasa nyimbo, hapa ndo usiwe na haraka. Simu inasoma faili za aina ya MP3, AAC na WMA, ila za FLAC na opus haisomi, kwa hiyo ukiwa nazo zigeuze kuwa MP3 kwenye kompyuta kabla ya kuziweka. Ukigeuza kwa ubora wa 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde) dakika moja inakula kama MB 1, wimbo wa dakika nne ni kama MB 4, ina maana kadi inabeba karibu nyimbo 1,000. Mimi ningeweka 192, zitaingia pungufu lakini bado zaidi ya 600, na utazisikia vizuri kwa sababu tundu la hedifoni ni la kawaida la mm 3.5, unachomeka hedifoni yoyote nzuri uliyonayo.

Halafu rekebisha majina, tafadhali usiruke hii. Simu inapanga nyimbo kwa taarifa zilizo ndani ya faili, sio kwa jina la faili unaloliona kwenye kompyuta, sasa nyimbo moja ikiwa imeandikwa Remmy Ongala na nyingine Ongala Remmy utapata wasanii wawili, na zile za kushusha mtandaoni mara nyingi kwenye jina la msanii kuna jina la tovuti, zinajaa hapo hupati unachotafuta. Kuna programu za bure za kuhariri tagi, yaani hizo taarifa za ndani ya faili, pitia nyimbo zako albamu moja moja.

Ukimaliza chomeka waya, kwenye simu chagua ile ya kuhifadhi data, kopi mafolda yako, toa kwa usalama. Ingia kwenye mziki usasishe orodha, bila hivyo nyimbo mpya zinaweza zisionekane ukadhani hazijaingia.

Kuna ekwalaiza pia, jaribu mwenyewe mpaka besi ikae unavyotaka. Redio ya FM ipo ila lazima hedifoni ya waya iwe imechomekwa maana ndo antena yenyewe. Na kama una spika ya bluetooth iunganishe tu, inapiga.