Kutoka Kwenye Kamera Hadi Ukutani: Jinsi ya Kuanza Kuuza Picha za Karatasi Mtandaoni

Mpigapicha anayetaka kuuza kazi zake mtandaoni huwa na haraka ya kufungua tovuti, kuchagua jina la duka na kutengenezewa nembo, ilhali bidhaa yenyewe hajawahi kuishika mkononi. Nashauri mpango huo ugeuzwe. Mnunuzi halipii picha aliyoiona kwenye simu, kwa kuwa hiyo ameshaiona bure. Analipia karatasi yenye uzito, rangi na saizi fulani, ambayo ataitundika sebuleni na kuitazama kila siku. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa biashara hii utumike kusafisha picha, kama tulivyozoea kusema, yaani kuzichapisha kwenye karatasi, na duka lije baadaye.

Biashara yenyewe si ngeni pwani. Huko Zanzibar, studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikitengeneza picha za mji tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, imejulikana kwa picha zake za zamani za nyeusi na nyeupe ambazo wageni na wenyeji wamekuwa wakizinunua. Ukizitazama utaona kwamba nyingi hazina ufundi wa kustaajabisha. Kinachomvuta mnunuzi ni mahali anapopatambua na wakati uliokwisha kupita.

Jambo hilo likuongoze unapochagua picha za kuuza. Jahazi lililotandaza tanga huku jua likizama limeshapigwa na kila aliyewahi kufika Nungwi au Lamu na kamera, na anayelitafuta mtandaoni atapewa maelfu ya kuchagua kwa bei ambayo huwezi kushindana nayo. Mzanzibari aliyehamia Muscat, au mtu wa Mombasa anayeishi London, anatafuta kitu kingine: kichochoro alichopitia akienda chuoni, baraza la msikiti wa mtaani kwao, Forodhani taa zinapoanza kuwashwa. Mwenye hoteli au ofisi anatafuta picha 5 au 6 zinazofanana kwa rangi na mtindo ili zijaze ukuta mmoja. Anza na picha 10 hadi 12 tu zinazohusiana, za mji mmoja au jambo moja, badala ya kumwaga 200 zisizo na undugu.

Ukishazichagua, hesabu pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kabla ya kuahidi saizi. Picha itakayotazamwa kwa karibu huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la pikseli 6000 kwa 4000, ambalo kwa kipimo hicho hufika sentimita 50 kwa 33, yaani linaizidi kidogo karatasi ya A3 (sentimita 42 kwa 29.7). Simu inayotoa pikseli 4032 kwa 3024 inatosheleza A4 bila wasiwasi. Ukitaka A2 kutoka kwenye faili lile la megapikseli 24 utabaki na pikseli kama 240 kwa inchi, na hilo halina ubaya, kwa kuwa picha kubwa hutazamwa kwa kusimama mbali kidogo. Kitu kinachowaponza wengi ni umbo. Picha ya kamera ni ndefu zaidi kuliko karatasi za A, hivyo ukijaza A3 yote utapoteza karibu sentimita 2.5 za upana, na mara nyingi hapo ndipo alipokuwa amesimama yule mtoto aliyeipa picha uhai. Amua mwenyewe pa kukata, au acha ukingo mweupe kuizunguka picha yote. Mimi napendelea ukingo, kwa sababu pia humpa fundi fremu mahali pa kushikia bila kuficha chochote. Na faili lisipelekwe kwa mchapishaji kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwani hupunguzwa pikseli njiani. Litume kama faili kamili au lipeleke kwenye flashi.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya kichochoro cha Mkunazini asubuhi, mlango wa zamani kulia na wazee wawili wamekaa barazani upande wa kivuli. Niliirekebisha usiku kwenye kompyuta ambayo mwanga wa skrini yake ulikuwa umepandishwa hadi mwisho. Karatasi ilipotoka, mlango ulikuwa pande moja jeusi lisilo na hata msumari mmoja unaoonekana, na wazee nao walikuwa wamemezwa na kivuli. Mteja alikwisha kulipa. Nikachapisha upya kwa gharama yangu. Tangu hapo, kabla ya kugusa picha yoyote, huweka karatasi nyeupe kando ya skrini, karibu na dirisha, nikapunguza mwanga wa skrini hadi weupe wake ulingane na wa ile karatasi. Kisha husafisha kwanza kipande kidogo cha sentimita 10 kwa 15 chenye sehemu zenye giza zaidi, kwenye karatasi ileile itakayotumika, nikakitazama mchana. Hifadhi faili katika mfumo wa rangi wa sRGB isipokuwa mchapishaji amekuomba mwingine, na umwombe azime marekebisho ambayo mashine hufanya yenyewe, kwani mashine iliyozoea picha za harusi hupenda kumng'arisha kila mtu.

Kuhusu karatasi, studio nyingi mijini husafisha picha kwa mashine za karatasi ya kemikali, ambayo ni nafuu na inafaa kabisa kwa saizi ndogo. Kwa picha ya ukutani ya bei ya juu, tafuta mchapishaji mwenye printa ya wino wa pigimenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) na karatasi nzito isiyong'aa, hasa ya pamba, yenye gramu 200 hadi 310 kwa mita ya mraba. Wino wa pigimenti hustahimili mwanga kuliko wino wa kawaida wa rangi zilizoyeyushwa, na karatasi isiyong'aa haiakisi dirisha la sebule. Pwani kuna adui wa pili, nao ni unyevu, ambao huleta kuvu na kuikunja karatasi. Usirundike akiba ya picha stoo bila mifuko iliyofungwa na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Njia nyingine ni kutumia kampuni zinazochapisha kila oda inapoingia na kuituma moja kwa moja kwa mnunuzi, kama vile Gelato, Prodigi na Printful. Kwa mteja aliye Ulaya au Marekani njia hii hukuondolea usafiri wa kimataifa na hatari zake, ila faida kwa kila picha hupungua na huwezi kuiona karatasi kabla haijamfikia mteja. Anayeitumia ajiagizie kwanza sampuli ya kila aina ya karatasi anayokusudia kuiuza, hata kama itachelewa. Mimi huchapisha mwenyewe oda za Afrika Mashariki na zile zenye sahihi yangu, na zilizobaki huzipitisha huko.

Bei ndiyo inayoua biashara hizi mapema, kwa hiyo tuiangalie kwa mfano. Tuseme A3 moja inakugharimu shilingi za Tanzania 30,000 kuisafisha, ufungaji 6,000, akiba ya karatasi zitakazoharibika 4,000, na mchango wa tovuti na bando 5,000. Jumla ni 45,000. Ukiuza kwa 60,000, na makato ya jukwaa na malipo yakawa asilimia 10, unabakiwa na 9,000, ambayo haitoshi hata nauli ya kwenda na kurudi kwa mchapishaji mara kadhaa, achilia mbali kamera, lenzi na saa ulizosubiri mwanga. Ukiuza kwa 110,000 unabakiwa na 54,000, na hapo unaweza kuiita kazi. Anayeona ni ghali aonyeshwe A4, lakini A3 isishushwe bei. Nauli ya kutuma itajwe peke yake, kwa kuwa ya Mwanza si sawa na ya Toronto.

Unaweza kuipandisha thamani picha kwa kuweka kikomo cha nakala, tuseme 25, na kuandika kwa penseli kwenye ukingo, chini ya picha, namba kama 3/25 pamoja na sahihi yako. Ukifanya hivyo, weka daftari la kila namba, saizi na tarehe ya kuuzwa, na ueleze tangu mwanzo kama kikomo hicho kinahusu saizi moja au saizi zote. Mtu akigundua kwamba nakala ya 26 ipo, hata zile 25 zimeshapoteza maana.

Sasa ndipo duka lifunguliwe. Kama wanunuzi wako wengi wako karibu, ukurasa wa Instagram na WhatsApp Business vinatosha kuanzia, huku ukipokea malipo kwa Lipa Namba Tanzania au kwa namba ya till Kenya. Ukihitaji tovuti, Shopify na WooCommerce ndizo zinazotumika sana, na kampuni kama Pesapal na Flutterwave huwezesha kupokea kadi. Etsy, soko la mtandaoni la kimataifa, ina wanunuzi wengi wa picha za ukutani. Hutoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiorodhesha kwa miezi 4, na tangu mwaka 2022 hukata asilimia 6.5 ya mauzo. Kabla hujajiandikisha popote, jibu swali moja: fedha zitanifikiaje hapa nilipo? Majukwaa kadhaa ya nje hukubali pesa zako unaponunua, lakini hayaruhusu kila nchi kupokea, na ni uchungu kuligundua hilo baada ya kupandisha picha 12 na kuziandikia maelezo.

Kila picha dukani iwe na maelezo kamili ya mahali, mwaka, saizi kwa sentimita, aina ya karatasi, na kama fremu imo au haimo. Ongeza picha moja inayoionyesha ikiwa ukutani juu ya kochi au kando ya mlango, maana watu wengi hawajui A2 ni kubwa kiasi gani mpaka waione karibu na kitu wanachokijua. Nakala za kuonyeshea ziwe ndogo, pikseli 1500 upande mrefu, ili anayeziiba asiweze kuzichapisha kwa saizi ya maana. Nembo kubwa katikati ya picha humfukuza mnunuzi zaidi ya inavyomzuia mwizi.

Upande wa sheria usiachwe hadi mwisho, ingawa hauhitaji maneno mengi. Tanzania Bara jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni huombwa halmashauri. Kenya mambo mengi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hakimiliki ni yako tangu unapobonyeza kamera, na COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya husajili kazi kwa anayetaka ushahidi zaidi. Mchoro wa Tingatinga ulioupiga picha dukani, hata hivyo, ni kazi ya mchoraji, na huna ruhusa ya kuuuza kwa kuwa tu umeupiga vizuri. Kwa sura za watu, pata idhini ya maandishi kwa Kiswahili chepesi inayosema wazi kwamba picha itauzwa, na kwa mtoto isainiwe na mzazi. Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi. Mvuvi mmoja niliyemwomba idhini alikataa pesa akasema, "Mwanangu, mimi niletee picha tu, mama yenu aione." Nilimpelekea A4 yenye fremu, na watoto wake wakataka za kwao.

Kufunga mzigo kunahitaji subira kuliko kupiga picha. A4 na A3 hupelekwa bapa, katikati ya mbao mbili nyembamba au kadibodi ngumu zilizozidi picha sentimita 3 kila upande. A2 huviringishwa ndani ya karatasi laini na kutiwa kwenye bomba lenye kipenyo kisichopungua sentimita 8, kwani bomba jembamba huiachia karatasi mviringo usiotoka. Mabomba ya kadibodi yakikosekana, nenda duka la vifaa vya ujenzi, ununue bomba la PVC la inchi 4 na mifuniko yake, ukate sentimita 10 zaidi ya upana wa picha. Litikise likiwa limefungwa. Ukisikia kitu kinagonga ndani, ongeza karatasi. Ndani ya nchi, mabasi hufikisha vifurushi haraka, mradi uchukue stakabadhi na uandike namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili. Nje ya nchi, tumia EMS ya posta au kampuni ya usafirishaji yenye namba ya kufuatilia mzigo, na piga picha kifurushi kabla hakijaondoka mikononi mwako, kwa sababu siku kitakapofika kimebonyea utaulizwa kilitokaje.

Andika dukani kwamba mzigo ulioharibika njiani utachapishwa upya iwapo mteja ataleta picha ya kifurushi na ya karatasi ndani ya siku 7. Yule ambaye mzigo wake umefika salama mwandikie baada ya wiki mbili, ukimwomba picha ya ukuta wake. Akikubali itumike, iweke dukani mahali pa ile uliyopiga sebuleni kwako.