Kabla ya kusaini mkataba wa CRP, piga hesabu ya mbegu

Mliopata mashamba Marekani, kuanzia Iowa mpaka Kansas, huenda mmeshamsikia jirani akitaja CRP (Conservation Reserve Program), mpango wa kuhifadhi ardhi: serikali inakulipa kila mwaka ukipumzisha ardhi na kuiotesha nyasi. Ni kweli. Mpango huu umekuwepo tangu sheria ya kilimo ya 1985, na unasimamiwa na FSA, wakala wa Wizara ya Kilimo wenye ofisi zake kwenye kaunti. Ila hundi ndiyo sehemu nyepesi. Mkataba ni wa miaka 10 hadi 15, na muda wote huo ni juu yako kulea nyasi.

Usiingize shamba zima. Malipo hufuata aina ya udongo na pango la mashamba kwenye kaunti yako, kwa hiyo ardhi nzuri ya mahindi mara nyingi hulipa zaidi ikilimwa. Tafuta kipande kinachokula mbolea bila kurudisha kitu: mteremko unaochimbika makorongo kila mvua, kona ya mchanga, ukanda wa kando ya kijito ambako trekta hukwama. Kwa kawaida kanda za kando ya maji huombewa wakati wowote bila kushindanishwa. Maombi ya shamba zima husubiri msimu wa maombi na kushindanishwa kwa alama.

Wageni hukwama mara nyingi kwenye sharti moja: lazima uwe umemiliki au kuendesha shamba hilo kwa angalau miezi 12. Ardhi yenyewe nayo iwe na historia ya kulimwa. Pori halihesabiki.

Sasa mbegu, maana hapa ndipo pesa hupotea. Usinunue kwa uzito wa gunia. Soma lebo: ikiwa usafi (mbegu halisi bila takataka) ni asilimia 90 na uotaji (mbegu zinazoweza kuota) asilimia 80, mbegu hai ni asilimia 72 tu, yaani gramu 720 kwa kila kilo unayolipia. Linganisha bei za wauzaji kwa kipimo hicho. Kitalu, yaani udongo unaopandia, kiwe kigumu. Ukikikanyaga, kiatu kisididimie zaidi ya sentimita 1 hivi. Panda juu juu, milimita 6 hadi 12, kwani mbegu hizi ni ndogo na zikizama haziibuki.

Mwaka wa kwanza utaona magugu matupu. Usikate tamaa ukarudisha plau! Nyasi za asili huanza kwa kushusha mizizi. Omba kibali FSA, kisha fyeka magugu kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20 kabla hayajatoa mbegu. Neno kibali nalisisitiza: katika msimu wa ndege kutaga, kufyeka huzuiwa, na tarehe zake hutofautiana kwa jimbo. Kulisha ng'ombe na kukata majani makavu pia kuna masharti yake.

Serikali huchangia hadi nusu ya gharama ya kuotesha, lakini unatanguliza fedha zako na kutunza risiti. Ukivunja mkataba katikati utarudisha malipo yote uliyopokea pamoja na riba, na faini ya asilimia 25 ya pango la mwaka (malipo ya serikali ya kila mwaka) juu yake. Kwa hiyo kama unafikiria kuuza shamba miaka mitatu ijayo, subiri kwanza.

Pango la mwaka hulipwa kuanzia Oktoba, na hutozwa kodi ya mapato. Mwambie mhasibu wako mapema.