Kupeleka watoto Koobi Fora kuona uchimbaji wa mifupa ya kale: jipangeni hivi

Wazazi wenzangu, kama mnatafuta safari ya likizo ambayo watoto wataikumbuka wakiwa wazee, nendeni Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ndani ya hifadhi ya Sibiloi. Ni mbali, ni joto, jangwa la Chalbi liko katikati, na mkifika hakuna simba wa kupiga picha kila kona. Mnachoenda kuona ni ardhi yenyewe, na mtoto ambaye hajaandaliwa ataona mawe na vumbi basi, lakini yule aliyeandaliwa mtamtoa pale kwa kumvuta mkono.

Kwa hiyo safari inaanzia Nairobi, wiki kadhaa kabla hamjawasha gari. Mpelekeni mtoto Makumbusho ya Nairobi mkamwone Turkana Boy, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale. Huyu mifupa yake ilipatikana 1984 na Kamoya Kimeu karibu na mto Nariokotome, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hilohilo, na umri wake ni kama miaka milioni 1.5 hadi 1.6. Alikufa akiwa mtoto, wengi wanakadiria miaka 8 au 9 hivi, na tayari alikua na urefu wa kama sentimita 160. Mtoto wako wa darasa la tatu simamisha pembeni umwambie huyu alikua rika lako, uone atakavyonyamaza. Alafu waambie habari ya Kamoya mwenyewe, Mkamba ambaye hakupitia chuo kikuu, alijifunzia hii kazi hukohuko kwenye jua, na alichokiona siku hiyo kilikua kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kikiwa katikati ya mawe ya rangi ileile karibu. Watoto wetu wanafundishwa sana kwamba haya mambo yaligunduliwa na kina Leakey, ile familia ya watafiti wa mifupa ya kale, na ni kweli Richard Leakey ndiye alianzisha kazi ya Koobi Fora 1968, lakini macho yaliyoona mengi ya hayo mafuvu yalikua ya Wakenya kama Kamoya na Bernard Ngeneo, na mimi naona mtoto asiende kule kabla hajayajua hayo majina mawili.

Kama mtoto hajafika miaka saba hivi mi ningesema Turkana ingoje kwanza. Mpeleke Olorgesailie, barabara ya Magadi, karibu kilomita 70 kutoka Nairobi, kule mashoka ya mawe yameachwa chini vile yalivyokutwa tangu Louis na Mary Leakey walipochimba miaka ya 1940 na mnapita juu kwenye njia ya mbao mkiyaangalia. Ni kavu, ni joto, na jioni mko nyumbani, hapo mtajua kama familia yenu inaliweza jua au bado.

Sasa kuhusu ruhusa. Sibiloi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, ada mnalipa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali, lakini kambi na makumbusho madogo ya Koobi Fora ni ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na hao ndio mnawaandikia mapema, si wiki moja kabla. Ulizeni maswali mawili wazi: kuna kikosi kitakachokua kinachimba tarehe hizo, na je wanapokea wageni wenye watoto? Vikosi vingi huja miezi ya kiangazi, hasa katikati ya mwaka, ambayo kwa bahati nzuri inagongana na likizo ya Agosti. Wakikataa msilazimishe wala msijitokeze tu pale, manake ile ni kazi ya watu na muda wao ni mfupi. Hata bila kikosi safari haipotei, kuna mabaki yameachwa palepale yalipofukuliwa yakajengewa kibanda juu, kobe mkubwa ajabu, tembo wa zamani, mamba, na kuna msitu wa miti iliyogeuka mawe. Kwa kweli watoto wadogo huyafurahia haya kuliko shimo lenyewe.

Barabara. Nairobi, Isiolo, Marsabit yote ni lami, lala Marsabit, kuna baridi mpaka mtashangaa. Kutoka hapo lami mnaiaga, mnashuka Maikona, Kalacha, North Horr, alafu ndio mnaingia upande wa Sibiloi. Msiende gari moja. Nasema hivyo kwa uzito wote, gari moja ikiharibika katikati ya Chalbi na watoto wako ndani hiyo si adventure tena, ni hatari. Magari mawili ya fo-wili, kila moja na spea mbili, pampu ya upepo, beleshi, vibao vya kutegea tairi, dizeli ya ziada kwenye mitungi, na dereva au kiongozi wa kule anayeijua njia, huyo mlipeni vizuri. Pale Marsabit ulizeni polisi na wenye malori hali ya usalama na ya barabara, wizi wa mifugo hutokea na hali inabadilika, jibu la mwezi jana halina kazi.

Chalbi yenyewe lilikua ziwa zamani, ndio maana ni tambarare na nyeupe kwa chumvi. Kukikauka ni raha, kukinyesha hata kidogo juu panaonekana pakavu na chini ni matope yanayomeza gari mpaka mlango. Mvua za Machi mpaka Mei na zile za Oktoba na Novemba zipisheni kabisa. Fuateni alama za tairi zilizopo, msijitafutie njia ya mkato, na kwenye mchanga laini punguzeni upepo wa tairi kabla ya kukwama, si baada. Watoto wataona maji mbele, hayo ni mazigazi, waacheni wabishane, ni nafasi nzuri ya kuwaeleza kwamba hapa maji yalikuwepo kweli na viboko na mamba ndani.

Maji ya kunywa mi napiga hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, alafu naongeza ya siku mbili za dharura ambayo haiguswi. Ya ziwa msiyategemee, yana magadi, na pia lina mamba wengi kwelikweli, kwa hiyo kuogelea hakuna hata mtoto alie namna gani. Bebeni chumvi na sukari ya kuchanganyia maji au zile pakiti za ORS, kofia pana, mikono mirefu ya pamba, viatu vilivyofungwa kwa ajili ya miiba na nge. Ukiona mtoto ameacha kuongea ghafla na hatoi jasho, simamisha kila kitu, kivuli, maji kidogo kidogo, kitambaa cha maji shingoni. Dawa za malaria mwulizeni daktari kabla, na bima ya AMREF ya kubebwa na ndege ukiugua ni kitu mi naona kila familia inayokwenda kule iwe nayo, hospitali ya maana iko Marsabit na Marsabit ni mbali. Upepo pia usiuchukulie mchezo, usiku unavuma mpaka hema jepesi linaondoka, ndio maana kule walijenga mitambo ya umeme wa upepo 365. Chakula kiwe kile ambacho hakiharibiki, chapati za siku ya kwanza, alafu njugu, tende, maharage ya mkebe, uji.

Njiani mtakutana na Wagabra na ngamia wao, na mkifika mbele zaidi Wadaasanach. Fundisheni watoto kusema nagaya, ndiyo salamu yao, kwa Wagabra, wasalimie wazee kwanza, na simu za picha zibaki mfukoni mpaka mtu akubali. Kama mnanunua kitu nunueni kwa bei ya haki.

Haya, mmefika kwenye uchimbaji. Nendeni asubuhi sana, saa kumi na mbili na nusu mko pale, manake saa nne jua limeshakua kali na watoto wamechoka. Mtaona ardhi imegawanywa kwa kamba na misumari, viboksi vya mita moja kwa moja, na watu wamelala kifudifudi wanakwangua kwa vijiti na brashi ndogo. Udongo wote unaotoka unapita kwenye chekeche ili hata jino la panya lisipotee. Kila mfupa kabla haujaguswa unapimwa ulipo, kina, upande uliolalia, unapigwa picha, unapewa namba, na ule dhaifu unapakwa gundi au unafungwa plasta kama mguu uliovunjika.

Mwambie mtoto asimame nje ya kamba na asikae ukingoni mwa shimo, ukingo ukibomoka wamepoteza ushahidi. Kisha mpe kazi. Daftari na penseli, achore ukuta wa shimo na rangi za tabaka zake, hiyo inamtuliza dakika arobaini na inamfundisha kuliko maelezo yangu yote. Na amuulize mchimbaji swali hili: mnajuaje umri wake? Hapo ndipo patamu.

Jibu liko kwenye majivu. Volkano za upande wa Ethiopia zililipuka mara nyingi, majivu yakaletwa na mto mpaka bonde la Turkana yakatandika tabaka, na ndani ya majivu kuna punje zenye potasiamu ambayo polepole sana inageuka gesi ya agoni. Ukipima ile agoni unajua mlipuko ulikua lini, kwa hiyo mfupa ulio chini ya tabaka ni mzee kuliko tabaka na ulio juu ni mdogo. Waonyesheni watoto kitabaka cha kijivu kinaitwa KBS kama kiongozi ataweza kuwapeleka kinapoonekana. Hicho kilileta ugomvi mkubwa miaka ya 1970, kwanza kilipimwa kikaonekana kina miaka milioni 2.6, na fuvu la binadamu wa kale namba 1470 lililokua chini yake, lile Ngeneo aliliona 1972 likiwa vipande zaidi ya 150, likawa linaonekana la zamani mno. Waliostuka kwanza ni pamoja na watu waliokua wanasoma meno ya nguruwe! Nguruwe wa Koobi Fora walifanana na wale wa bonde la Omo huko Ethiopia ambao walikua wadogo zaidi kwa umri, kwa hiyo namba hazikukubaliana, wakapima tena na tena mpaka wakafika karibu milioni 1.9. Hii hadithi waelezeni watoto polepole jioni mkipumzika, nguruwe waliwasahihisha maprofesa, hawataisahau.

Na sasa kitu ambacho mi kinanikaa rohoni kuliko vyote. Kule mifupa iko juu ya ardhi, mvua na upepo vinaifukua kila mwaka, na mtoto mwenye macho makali ataona jino au kipande cha taya. Mkono utakwenda wenyewe. Kabla ya siku hiyo muwe mmeshakubaliana nyumbani, tunaangalia, hatuokoti. Mfupa ukitolewa ulipolala umeondolewa kwenye tabaka lake, majivu yake, majirani zake, na hakuna maabara duniani itaurudishia hayo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 pia inakataza, lakini mtoto haelewi sheria, anaelewa ukimwambia huyu mnyama amekaa hapa miaka milioni moja na nusu na wewe ukimhamisha hatutajua tena alikua akiishi na nani.

Akiona kitu, asimame palepale, aite, aweke kofia au kalamu pembeni bila kugusa, mpige picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha kilima, mwandike mahali kwa GPS, alafu mmwambie kiongozi au mtu wa makumbusho. Usiiweke hiyo picha mtandaoni ikiwa na mahali pake. Mwache mtoto aseme mwenyewe alivyokiona, asikilizwe kama mtu mzima, kazi ya Kamoya ilikua hiyohiyo.

Kurudi mkitaka njia nyingine shukeni North Horr mpaka Loiyangalani, kuna makumbusho ya jangwa juu ya kilima yanayoeleza makabila ya pale, alafu mtokee Laisamis kwa ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya upepo, ni nzuri kuliko mlikotoka. Na kabla hamjatoka Koobi Fora, kwa upendo bila kugombeza, angalieni mifuko ya watoto na milango ya gari. Mkikuta jiwe au mfupa msiutupe dirishani njiani, mpeni kiongozi na mtoto amwonyeshe pale hasa alipoutoa.